Mlima Kenya Haupandwi Tu, Huzungukwa

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini uko mlima mmoja katika nchi yetu ambao, ijapokuwa haujapata kukutana na mwenzake, umewakutanisha watu wa makabila mengi tangu zama za kale. Nao ni Mlima Kenya, wa pili kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro, mlima ulioipa nchi hii jina lake.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wengi wetu twaujua kwa upande mmoja tu. Mtu wa Nyeri huuona wa Nyeri, na mtu wa Meru huuona wa Meru. Mkaazi wa Embu akiamka alfajiri na kukuta mawingu yameondoka, huona vilele vyake mahali alipozoea kuviona, naye huamini kuwa huo ndio mlima wenyewe. Kumbe kila mmoja ameona ubavu mmoja tu. Anayetaka kuujua mlima huu hapana budi auzunguke.

Naam, iko njia ya kuuzunguka. Haipiti chini kwenye barabara ya lami, bali juu kabisa, mahali ambapo miti imekwisha na mawe yameanza. Njia hiyo huvizunguka vilele vikuu, ikipita kando ya vijiziwa vilivyo baridi kama barafu na kuvuka migongo ya mawe mmoja baada ya mwingine, hadi imrudishe msafiri pale pale alipoanzia. Urefu wake ni kama kilomita 10.

Mtu akisikia kilomita 10 huenda akacheka, kwa kuwa huo ni mwendo wa kwenda sokoni na kurudi. Asicheke. Katika kilomita hizo chache msafiri hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 2,000, na kote huko yuko kwenye kimo cha mita 4,200 na kuendelea, ambako hewa ni nyepesi na pumzi haitoshi. Wako wanaoimaliza kwa siku moja. Wenye busara huchukua siku mbili au tatu. Sisi, kwa kosa letu wenyewe, tulichukua zaidi, na nitaeleza kwa nini.

MAJINA YA MLIMA MMOJA

Kabla ya kuanza safari, tuyatazame majina. Wakikuyu huuita Kirinyaga, nao waliamini kuwa ndiko Ngai hupumzika azurupo duniani. Wazee wao waliomba wakiuelekea mlima, mikono imeinuliwa, na nyumba zilijengwa milango ikitazama huko. Mzee Jomo Kenyatta alipoandika kitabu juu ya mila za watu wake mwaka 1938, alikipa jina la Facing Mount Kenya, yaani kuuelekea Mlima Kenya. Wameru wauita Kirimara, na Wamaasai Ol Donyo Keri, mlima wenye madoadoa ya rangi, kwa vile mawe meusi na theluji nyeupe huonekana yamechanganyika.

Wakamba, ambao huuona kwa mbali, waliuita Kiinyaa. Yasemekana neno hilo lahusiana na mbuni dume, ambaye naye ana manyoya meusi na meupe. Jina hilo la Wakamba ndilo lililoshika. Tarehe 3 Desemba 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima akiwa Kitui, kwa msaada wa Kivoi, mfanyabiashara na mkuu wa Wakamba. Wasomi wa Ulaya walimcheka kwa kusema kuna theluji kwenye ikweta. Wenyeji hawakuwa na haja ya kubishana, kwani wao walikuwa wakiiona kila asubuhi.

Vilele vyenyewe vina majina ya Kimaasai. Kirefu kuliko vyote ni Batian, mita 5,199. Kando yake ni Nelion, mita 5,188. Hivi viwili hupandwa kwa kamba na wataalamu tu. Cha tatu, Lenana, kina mita 4,985, na mtu wa kawaida aweza kukifikia kwa miguu. Majina hayo yalitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kileleni Batian mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Mbatian alikuwa laibon mkuu wa Wamaasai, Nelieng ndugu yake, na Olonana mwanawe. Ikumbukwe pia kuwa mizigo ya msafara wa Mackinder ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waswahili na Wakikuyu, ambao hakuna kilele kilichopewa jina lao.

SAFARI YAANZA

Tulikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mzee wetu mwongozaji, mzaliwa wa Naro Moru, aliyepita umri wa miaka sitini na ambaye amebeba mizigo ya wageni mlimani tangu ujana wake. Wa pili alikuwa rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa Kipini, pale Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi. Wa tatu ni mimi niandikaye haya.

Mwalimu hakuwa mtu wa milima. Hata koti la baridi aliliazima. Nilipomuuliza kwa nini ametaka safari hii, alinijibu hivi: "Ndugu yangu, mimi maji ya Tana nimeyanywa tangu utotoni. Nimeogelea humo, na nimezika watu waliochukuliwa na mamba humo. Sijapata kuona yanakotoka. Nataka niyaone kabla sijastaafu."

Tuliingia kwa lango la Naro Moru mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza ni ya msitu. Kuna miti mikubwa, kisha mianzi, na vinyesi vya tembo na nyati njiani vinavyomkumbusha mtu kuwa yumo nyumbani mwa wengine. Tulilala kwenye kituo cha hali ya hewa, kimo cha mita 3,050. Siku ya pili msitu ulikwisha na tope likaanza. Ni mteremko mkali wa majani na maji, ambapo mguu huzama hadi kifundoni na kila hatua huvutwa kama jino.

Baada ya tope hilo ndipo bonde la Teleki hufunguka, na msafiri huona mimea asiyoiona kwingineko. Kuna senesio zenye shina nene na kichwa cha majani kama mtu aliyejitwika kikapu. Kuna lobelia zilizosimama wima kama mishumaa, na ndege chozi wakirukaruka juu yake wakitafuta chakula. Mimea hii ina akili yake. Usiku hufunga majani yake kuulinda moyo na baridi, na jua likichomoza huyafungua. Mzee alituambia kwamba huku juu kila siku ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe.

Jioni tulifika Mackinder's Camp, mita 4,200. Mzee akatua mzigo, akasema, "Hapa tulale siku mbili. Mwili uizoee hewa."

Mwalimu akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, likizo yetu ni fupi. Tena sisi hatujambo kabisa."

Nami, badala ya kumsaidia mzee, nilimuunga mkono Mwalimu. Mzee alitutazama kidogo, akasema, "Haya. Mlima hauna haraka. Wenye haraka ni nyinyi."

Maneno hayo tuliyakumbuka baadaye.

VIJIZIWA NA MIGONGO

Kulipopambazuka tuliuanza mzunguko, tukienda kama mshale wa saa uendavyo. Mwanzo wake ni mlima wa kukata pumzi hadi kwenye ziwa liitwalo Two Tarn, karibu na mita 4,490. Tulifika jua likiwa limeanza kuigusa Batian. Ziwa lilikuwa limetulia tuli, na vilele viwili vilionekana humo vimesimama kichwa chini, pamoja na pengo lililo kati yao, ambalo wapandaji hulijua kwa jina la Lango la Ukungu. Pembeni maji yalikuwa yameganda, na Mwalimu aliokota kipande cha barafu, akakitazama, akakitia mdomoni kama mtoto.

Vijiziwa hivi vilitokeaje? Mlima Kenya ulikuwa volkano, na inakadiriwa kuwa moto wake ulizimika zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Zamani hizo huenda ulikuwa mrefu zaidi ya mita 6,000. Kisha zikaja enzi za baridi, na barafu nene ikaufunika. Barafu haikai mahali pamoja, bali hushuka polepole kwa uzito wake, ikisaga mawe na kuchimba mashimo njiani. Ilipoyeyuka mashimo yalibaki, maji yakayajaza. Kwa hiyo kila kijiziwa ni alama ya mahali barafu ilipolala. Hata Batian na Nelion ni kizibo cha mawe magumu kilichobaki kooni mwa volkano baada ya kuta zake kumomonyoka.

Kutoka Two Tarn njia hushuka, kisha hupanda tena hadi pengo la Hausburg, mita 4,591. Huku ni kokoto tupu. Unapiga hatua mbili mbele, kokoto zinakurudisha moja nyuma.

Upande huu wa mlima una kisa chake. Mwaka 1943 mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya wafungwa wa vita huko Nanyuki, wakiongozwa na Felice Benuzzi. Hawakutoroka ili waende kwao, bali walitoroka ili wapande mlima. Walikuwa wameutazama kupitia waya wa seng'enge hadi wakachoka kukaa bure. Vifaa walivitengeneza wenyewe kwa siri, na mojawapo ya picha walizozitegemea ilikuwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Batian iliwashinda, lakini Lenana waliifikia, wakasimamisha bendera yao. Baada ya siku 18 walirudi wenyewe kambini, wakafungiwa kwa adhabu. Mwalimu aliposikia habari hiyo alicheka sana, akasema, "Basi hata mimi si mwendawazimu wa kwanza."

Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku hiyo. Tulipokuwa tukishuka kuelekea maziwa ya Hausburg na Oblong, yaliyolala chini ya kuta za magharibi za Batian, niliona amenyamaza. Tulipofika Shipton's Camp, ambayo nayo iko mita 4,200 lakini upande wa kaskazini, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

USIKU MGUMU

Kichwa kilimpasuka. Chakula kilimshinda, hata uji aliutapika. Hayo ndiyo maradhi ya mwinuko. Huku juu kila pumzi huingiza hewa pungufu kuliko ile mwili uliyoizoea, na mwili usipopewa muda wa kujirekebisha, hulalamika. Malalamiko hayo yakipuuzwa na mtu akazidi kupanda, maji huweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo kifo hakiko mbali. Maradhi haya hayachagui kijana wala mzee, mnene wala mwembamba. Hata mwanariadha huweza kuanguka na bibi kizee akapita.

Mzee alimtoa Mwalimu nje ya hema kwenye mwanga wa tochi, akamwambia, "Mwalimu, tembea kutoka hapa hadi jiwe lile, mguu mmoja mbele ya mwingine."

Mwalimu alitembea, polepole lakini moja kwa moja. Mzee akapumua. Aliniambia kando, "Angeyumba kama mlevi, usiku huu huu tungemteremsha, hata kama ni kwa kumbeba. Sasa tutangoja. Kesho hakuna kwenda mahali. Na asipopata nafuu, kesho kutwa atashuka kwa njia ya Sirimon, na Tana yake ataiona siku nyingine."

Sikulala vizuri usiku ule, kwani nilijua kosa ni letu. Siku ile moja tuliyomnyima mzee, mlima uliidai wenyewe.

Asubuhi baridi ilikuwa imegandisha maji kwenye sufuria. Nilitoka nje nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mwalimu alikuwa ameamka akiswali alfajiri, ameelekea kaskazini kwenye Kibla, na hivyo mlima ulikuwa nyuma yake. Hatua chache kutoka kwake mzee alikuwa amevua kofia, naye ametazama kusini, kwenye kuta za Batian zilizokuwa zikianza kuwa nyekundu. Migongo yao ilikuwa imetazamana. Hapana aliyemsumbua mwenzake. Baadaye nilimuuliza mzee kama bado huomba kwa desturi ya zamani. Alinijibu, "Mimi ni Mkristo, naenda kanisani kila Jumapili. Lakini baba yangu hakupita mbele ya mlima huu bila kuvua kofia. Nami nitawezaje?"

Siku hiyo tulipumzika tukiwatazama pimbi, ambao hapo kambini hawaogopi mtu na huweza kukuibia mkate mkononi. Upande wa pili wa bonde tulionyeshwa vilele vya Terere na Sendeyo. Sendeyo naye alikuwa mwana wa Mbatian. Wamaasai husimulia kuwa mzee Mbatian, alipokaribia kufa, alimwambia Sendeyo aje alfajiri apokee vifaa vya ulaibon. Lenana aliyasikia hayo, akawahi yeye, na baba ambaye macho yalikuwa yamefifia akampa bila kujua. Ndugu wawili hao walikosana, na watu wao wakapigana kwa miaka mingi. Hata kwenye mlima kilele cha Sendeyo kimesimama mbali na baba na ndugu.

Jioni Mwalimu aliomba ugali. Mzee alimtazama akila mpaka akamaliza, kisha akasema, "Kesho twende. Lakini mimi ndiye nitatangulia, na hapana atakayenipita."

MAHALI MAJI YANAPOACHANA

Kutoka Shipton's Camp hadi pengo la Simba ni kupanda zaidi ya mita 400 mfululizo. Mzee alikwenda kwa hatua fupi za kinyonga. Mwanzoni mwendo huo uliniudhi, baadaye nikaushukuru. Mwenda pole hajikwai, na huku juu tena hatapiki. Baada ya saa kadhaa tulisimama penye pengo, mita 4,620, na upepo ukatupiga usoni.

Hapo mzee alimshika Mwalimu bega, akamgeuza nyuma. "Maji ya bonde hili tulilotoka," alisema, "huenda Ewaso Nyiro, hupita Archer's Post, hupotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Hayafiki baharini." Kisha akamgeuza mbele. Chini yetu kulikuwa na ziwa dogo la Simba, na baada yake ardhi iliporomoka kwenye bonde refu la Gorges. "Na haya ya huku hushuka hadi Ziwa Michaelson, huwa Mto Nithi, kisha huingia Tana."

Mwalimu hakusema neno. Aliteremka hadi ziwani, akachuchumaa, akanawa uso. Maji yale yalikuwa baridi ya kuuma mifupa, lakini aliyateka kwa viganja mara tatu. Hatimaye aliuliza bila kugeuka, "Mzee, yatachukua siku ngapi kufika nyumbani?"

Mzee akajibu, "Sijui, Mwalimu. Mimi kwenu sijafika."

Tulikaa hapo, na Mwalimu akatusimulia habari za upande wake. Alieleza jinsi watu wa delta, Wapokomo wakulima, Waorma wafugaji na Waswahili wa Kipini, wanavyoutegemea mto kupanda mpunga, kunywesha mifugo na kuvua samaki. Alieleza kuwa mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda na kuingia humo, na chumvi huharibu mashamba. "Kwetu mtu akisema mto umepungua," alisema, "twautazama mto. Hatujui kuwa wa kutazamwa ni mlima."

Mzee naye alisema kuwa upande wa Ewaso Nyiro mambo ni hayo hayo. Katika kiangazi kikali mto huo hukauka sehemu za chini, na wafugaji wa Samburu na Isiolo huwanung'unikia wakulima walio karibu na mlima. Mimi niliongeza kuwa mito ya kusini, kama Thiba na Nyamindi, ndiyo inayonywesha mpunga wa Mwea, na kwamba mabwawa ya umeme ya Tana, kutoka Masinga hadi Kiambere, hungojea maji ya mlima huu na ya safu ya Aberdare. Watu watatu tuliotoka pande tatu tulikuwa tumeketi kando ya kijiziwa kimoja, na hapana aliyekuwa mgeni.

BARAFU INAYOAGA

Mchana tulipita kando ya ziwa liitwalo Square Tarn, tukavuka pengo la Tooth, mita 4,720, ambalo ndilo gumu kuliko yote, na jioni tukafika Austrian Hut, mita 4,790. Kibanda hiki kina historia ya machozi. Mwezi wa Septemba 1970 daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian. Mwenzake Oswald Oelz alikaa naye huku waokoaji wakihangaika kwa muda wa wiki nzima, wapandaji wa Kenya pamoja na wengine walioletwa kwa ndege kutoka Austria. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka. Judmaier aliokolewa. Kibanda kilijengwa baadaye kwa fedha za Austria kama shukrani.

Mbele ya kibanda iko barafu ya Lewis, iliyo maarufu kuliko zote za mlima huu. Niseme ilikuwapo. Mzee alituonyesha kwa fimbo mahali ilipofika alipokuwa kijana, kisha akatuonyesha ilipo sasa. Kati ya pahali hapo pawili palikuwa na mawe matupu. Wataalamu wamepima na kuona kuwa kati ya mwaka 1934 na 2010 barafu hiyo ilipoteza karibu sehemu tisa katika kumi za ujazo wake, na tangu hapo imegawanyika vipande. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilihesabiwa barafu 18 mlimani. Nyingi zimetoweka, ikiwamo ya Gregory. Sababu ni joto la dunia kuongezeka na theluji kupungua. Wengi kati yetu tutaishi kuona Kirinyaga bila weupe wake.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, si kweli kwamba barafu ikiisha mito yote itakauka. Maji yatokanayo na barafu ni sehemu ndogo tu ya maji ya mito yetu. Mengi hutokana na mvua inayonyesha mlimani, ikanywewa na msitu na nyasi za juu, kisha ikaachiliwa kidogo kidogo hadi kiangazi. Msitu ndio mtungi. Barafu inayeyuka kwa makosa ya dunia nzima, nasi hatuwezi kuizuia peke yetu. Lakini msitu ukikatwa, au nyika ya juu ikichomwa kama ilivyoungua mwaka 2012, hatutakuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe.

Usiku wa manane mzee aliniamsha ili twende Lenana. Mwalimu alitoa kichwa kwenye mfuko wa kulalia, akasema, "Nendeni salama. Nilichokuja kukiona nimekiona jana," akalala tena. Tulifika kileleni jua likichomoza. Hapa ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya taifa usiku wa uhuru, Desemba 1963. Niligeuka polepole, nikatazama pande zote, Meru, Embu, Nyeri, Laikipia, na ukungu wa nchi ya Wakamba kwa mbali. Sikuona mpaka wowote kati yao.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kutoka Austrian Hut hadi bonde la Teleki ni mteremko wa kokoto unaochosha magoti na kumaliza viatu. Adhuhuri tulikuwa Mackinder's Camp, kwenye jiwe lile lile tulilolikalia siku ya kubishana. Mzunguko ulikuwa umefunga.

Kwa yeyote atakayetaka kuifuata njia hii, miezi mizuri ni Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba. Nenda na mwongozaji, usiende peke yako. Chukua nguo za sufu, koti la mvua, glavu, kofia na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Kunywa maji mengi. Kichwa kikiuma, usipande. Kikizidi kuuma, shuka. Takataka zako rudi nazo. Na zaidi ya yote, mwongozaji akikwambia mlale siku mbili, laleni siku mbili.

Wiki chache baada ya safari Mwalimu alinipigia simu kutoka Kipini. Aliniambia kuwa siku hizi akifundisha juu ya Mto Tana hauanzi mlangoni pa bahari kama alivyozoea. Huchora ubaoni mlima, huweka nukta moja karibu na kilele, na huwaambia watoto: "Andikeni hapa, Simba. Maji yenu yanaanzia hapa, na wako watu wengi wanaoyanywa kabla yenu."